Mkono Mwingine Kwenye Usukani

Wiki nzima tumemwacha Taratibu mlangoni mwa mgahawa, tonge shavuni, macho yamemtoka pima. Leo tumruhusu ameze, maana kazi iliyo mbele yake haifanywi mdomo ukiwa umejaa.

Alichokiona mnakikumbuka. Teksi yake nyeupe, yenye maandishi ya "Mwenda pole hajikwai" kwenye kioo cha nyuma, ilikuwa inatembea. Yeye yuko hapa, gari linakwenda kule. Na mbele ya boneti, miguu kaitanua, filimbi mdomoni, kasimama mkaguzi wa jiji ambaye madereva wote humwita Kipenga.

Priiii!

Teksi ikasimama. Mlango wa dereva ukafunguka. Wapo walionitumia salamu kwamba ni jambazi. Wapo walioapa kuwa ni mtu wa ile kampuni kubwa ya teksi. Poleni sana. Aliyeshuka ni kijana mrefu mwenye ndevu, kitambaa cha kufutia vioo begani, na wala hakuwa na hofu yoyote.

Alikuwa Shemeji.

Ni mdogo wake mke wa Taratibu, tumbo moja, ziwa moja. Taratibu alimwita Shemeji mara nyingi hata kituo kizima cha teksi kikalishika jina hilo, na sasa anaitwa Shemeji na watu ambao hawajaoa kwao.

"Kuna nini tena, mkubwa?" Shemeji akamuuliza Kipenga. "Foleni imesogea, nami nimesogeza. Mwenyewe anakula."

Alisema kweli tupu. Kituoni pale teksi hupangwa kwa zamu. Ya mbele ikipata abiria, za nyuma husogea. Dereva akienda kula huacha ufunguo kwenye swichi, na yeyote aliye karibu humsogezea gari ili asipoteze nafasi. Tangu kituo kianze wameishi hivyo. Anayeondoka na ufunguo mfukoni ndiye anayesemwa kuwa mchoyo.

Lakini juzijuzi jiji lilileta kanuni mpya. Dereva wa kujitegemea, yule mwenye teksi moja na kibali kimoja, ashike usukani wake mwenyewe. Mkono mwingine ukionekana kwenye usukani huo, kibali kinakufa na gari linakwenda yadi ya jiji. Na aliye mbele ya foleni haruhusiwi kumkataa abiria, awe mlevi, awe adui yake. Akikataa, kibali kinakufa vilevile. Kipenga alizisoma kanuni hizo kwa kipaza sauti, hapohapo kituoni, na madereva wakaicheka suruali yake iliyombana.

Leo hakuna aliyecheka.

"Shuka kabisa," Kipenga akasema. "Lete ufunguo."

Taratibu akafika mbio, yeye ambaye hata mvua haimkimbizi. "Mkubwa, mkubwa! Huyu ni shemeji yangu. Amesogeza tu, hata gea ya pili hajaingiza!"

"Gari lilikuwa linatembea?"

"Kidogo."

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

Taratibu akamtazama Shemeji.

Wakati huohuo, upande wa pili wa barabara, teksi ya kijani ya ile kampuni kubwa ikasimama. Dereva akashuka, akajinyoosha, akampa mwenzake ufunguo. Mwenzake akapanda, akaondoka na abiria. Mambo hayo yote Kipenga aliyaona, na macho yake ni mazima.

"Na wale?" Taratibu akanyoosha kidole. "Wale wamebadilishana mbele yako!"

"Ile ni kampuni," Kipenga akajibu. "Wewe ni mtu tu."

Winchi ikaitwa. Teksi ikainuliwa matairi ya mbele, ikaburutwa kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Shemeji naye akasukumwa ndani ya gari la jiji.

Hapo Mwenyekiti wa madereva, mzee mnene mwenye sauti nzito, akapanda juu ya kiti. "Haiwezekani! Leo kwake, kesho kwangu! Twendeni wote ofisini tukaseme kwamba hii ni kawaida yetu!"

"Twende!" wakaitikia. Kituo kizima kikaondoka kwa miguu, wakiimba, Taratibu katikati akishikwa mabega. Moyo wake ukatulia. Alijiambia, wanaume hawa hawaniachi.

Ngoja kwanza.

Yadi ya jiji ina ukuta mrefu na ofisi ya ghorofa moja yenye ngazi za chuma kwa nje. Madereva walipofika, nyimbo zikiwa bado za moto, Kipenga akatoka, akasimama kwenye ngazi, akawatazama mmoja mmoja kwa upole wa kutisha.

"Karibuni. Nasikia mmekuja kutoa ushahidi."

"Ndiyo!" Mwenyekiti akanguruma. "Kusogezeana magari ni kawaida yetu sote!"

"Sote?" Kipenga akatabasamu. "Vizuri sana. Basi kila aliyewahi kusogeza gari la mwenzake, au kusogezewa lake, anyooshe mkono. Kibali chake nakifunga leo leo."

Nyimbo zikafa.

Taratibu akageuka kulia. Dereva wa kulia akawa anaangalia viatu vyake. Akageuka kushoto. Wa kushoto akakumbuka kwamba alikuwa anakohoa, akakohoa. Akamtazama Mwenyekiti. Asubuhi ileile Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeisogeza teksi ya Taratibu alipokwenda kununua vocha. Mikono yake miwili sasa ilikuwa mifukoni, imezama mpaka kwenye viwiko.

"Mwenyekiti," Taratibu akaita, "si wewe asubuhi..."

"Mimi?" Mwenyekiti akang'aka. "Usinitafutie balaa, bwana. Kila mtu na gari lake!"

Wakaondoka. Hawakukimbia, hapana, ila walitembea kwa mwendo wa watu walioacha sufuria jikoni. Msiwalaani haraka. Kila mmoja ana watoto, na kibali ni kimoja. Lakini mimi ninayewasimulia siwasamehe, na Taratibu pia hakuwasamehe.

"Panda juu," Kipenga akamwambia. "Tuongee kama watu wazima."

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na feni iliyokuwa ikizunguka bila kuleta upepo. Ukuta wa pembeni ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake mtu alikuwa anakohoa. Taratibu alikifahamu kikohozi kile.

"Shemeji yako yupo hapo," Kipenga akasema. "Tusipige kelele. Kwanza kaa. Kibali chako umekaa nacho muda gani?"

"Tangu baba mkwe alipoacha kazi."

"Na kikifa leo, utafanya nini?"

Kazi nyingine Taratibu hakuijua. Kibali cha dereva wa kujitegemea kikishakufa hakifufuki, jiji halitoi kipya, nafasi inachukuliwa na kampuni. Angebaki kuiomba kampuni hiyohiyo imwajiri, avae shati la kijani na kuamrishwa na watoto waliozaliwa yeye akiwa na leseni.

Kipenga akavuta kiti, akasogea mpaka Taratibu akasikia harufu ya mafuta yake ya nywele.

"Kanuni inasema ukimkabidhi mtu gari, umekwisha. Lakini kama hukumkabidhi? Kama alilichukua mwenyewe, wewe ukiwa unakula, hujui hili wala lile? Hapo wewe huna kosa. Wewe ni mtu aliyeibiwa."

"Aliyeibiwa?"

"Askari yuko chini. Nikimwita, wewe unasema neno moja tu. Ufunguo nakurudishia hapahapa, na jua halijazama utakuwa barabarani."

"Na Shemeji?"

"Atajua mwenyewe. Kijana yule, ataizoea tu jela."

Taratibu akasimama. Nataka mjue kwamba alisimama, nisije nikamnyima haki yake, ingawa sauti aliibana isivuke mbao. "Huyo ni mdogo wake mke wangu! Nimemfundisha mimi kuendesha! Harusi yake inakaribia, mimi ndiye mshenga!"

"Basi acha gari." Kipenga akaanza kuuchezea ufunguo kidoleni. "Mimi nitapata hasara gani?"

Taratibu akakaa tena.

Na hapa, msomaji, sogea karibu, maana kuna jambo Taratibu hapendi lisemwe. Teksi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe, dereva wa zamani wa kituo hichohicho. Macho ya mzee yalipoanza kumsaliti, jiji nalo lilikuwa limeshatangaza kwamba teksi iandikwe jina la anayeiendesha. Mzee akaiandika kwa jina la mkwe wake. Siku ya kukabidhi ufunguo alimwita na binti yake, akasema mbele yao wote wawili: "Mshikie mdogo wenu mpaka akue. Akipata leseni, mpe gari lake." Mzee akafa akiwa na amani.

Mdogo akakua. Akapata leseni. Akaota ndevu. Taratibu kila akiulizwa alisema mwakani, na mwaka ukifika alisema mwakani. Shemeji hakugomba. Alikuwa anaosha magari ya watu kituoni, akisubiri, akisema shemeji yake ni mtu wa taratibu tu, ndiyo maana akaitwa hivyo.

Sasa, ndani ya chumba kile, wazo likamjia Taratibu. Hakulialika, lakini hakulifukuza. Mwizi hadai gari. Mtu aliye jela hamuulizi mtu "Shem, mwakani ni lini?"

"Neno moja tu?" akauliza.

"Moja tu."

"Mwite askari."

Kumbe upande wa pili wa mbao, kabla hajapanda ngazi, mambo yalikuwa yameshakwenda vingine kabisa, lakini hilo Taratibu alilijua dakika moja baadaye, askari akiwa ameshaitwa.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji akaingizwa na askari. Jicho moja lilikuwa limeanza kuvimba, na mdomo ulikuwa umechanika, lakini alipomwona Taratibu akacheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepotea sokoni akamwona wa nyumbani.

"Shem! Upo? Nilikuwa na wasiwasi na wewe!" Akageuka kumtazama Kipenga, akamrudia Taratibu. "Unajua hawa watu wana vituko? Msaidizi wa huyu bwana kanambia niseme kwamba wewe hunikodisha gari kila siku. Ati nikisema hivyo, kesho nipewe teksi ya kampuni, na mshahara. Nikamwambia, bwana wee, mimi huyo ni ndugu yangu, ndiye baba yangu aliyebaki. Siuzi ndugu. Ndipo wakanipamba hivi usoni."

Akacheka tena, akajifuta damu kwa kile kitambaa cha vioo.

Taratibu akamtazama Kipenga. Kipenga alikuwa anatazama feni.

"Mzee," askari akamwambia Taratibu, "mimi sina muda. Nimeambiwa hapa kuna wizi wa gari. Huyu ndiye?"

"Wizi?" Shemeji akauliza. "Wizi gani tena, Shem?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Tena ilikuwa pana, gari lingeweza kugeuka ndani yake bila kurudi nyuma. Taratibu angesema "hapana", basi, wangetoka wote wawili maskini, na nyumbani wangepokewa. Akauona ufunguo kidoleni mwa Kipenga, na kile kipande cha ngozi alichokifunga baba mkwe kwa mkono wake mwenyewe.

"Shem?" kijana akaita. Tabasamu lilikuwa bado halijaondoka, lilikuwa halijui liende wapi.

"Ndiye," Taratibu akasema.

"Alichukua gari bila ruhusa yako?"

"Bila ruhusa yangu."

Shemeji hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angetukana. Alimtazama tu, kisha akasema polepole, "Nilikusogezea tu, Shem. Usipoteze zamu."

Pingu zikalia. Wakamteremsha kwenye ngazi za chuma, na kila hatua ilisikika juu. Ufunguo ukarushwa, Taratibu akaudaka. Aliudaka vizuri sana, kwa mkono mmoja.

"Umeona?" Kipenga akasema. "Sheria haina ubaya na mtu mwelewa."

Jua lilikuwa bado juu aliporudi kituoni. Akaingia nyuma ya foleni, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyemtukana pia. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana habari haziendi taratibu.

Akasogeza mara ya kwanza. Akasogeza mara ya pili. Akataka kushuka akanywe maji, akaona madereva wote, bila kuambizana, wameshika funguo zao mikononi. Kawaida ya kituo ilikuwa imekufa mchana ule, na aliyeizika ni yeye. Akabaki na kiu yake ndani ya gari.

Mwenyekiti akapita karibu na dirisha. Taratibu akamkemea, "Unaniangalia nini? Si wewe uliyenikimbia?"

"Mimi nimekukimbia, kweli," Mwenyekiti akajibu. "Ni aibu yangu, nitaibeba. Lakini mimi sijamfunga mtu. Tena nikwambie, nimempigia simu mkeo."

"Umemwambia nini?"

Mwenyekiti akaenda zake.

Teksi ya mbele ikapata abiria. Taratibu akasogea. Sasa yeye ndiye wa kwanza. Na pale pembeni, chini ya kibao cha kituo, Kipenga alikuwa amerudi na filimbi yake, anawatazama wa kujitegemea kama mtu anayechagua kuku.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Taratibu akatazama kioo. Mkewe alikuwa ameketi kiti cha abiria, mkoba magotini, kanga kaikaza kichwani. Tangu waoane hajawahi kukaa nyuma. Siku zote hukaa mbele, akimwambia endesha haraka kidogo, tumezeeka njiani.

"Mama watoto," Taratibu akasema kwa sauti ndogo. "Njoo mbele tuongee."

"Nipeleke polisi, dereva."

"Mama watoto, hukuelewa. Walinibana. Ilikuwa ama yeye, ama sisi sote. Nitamtoa tu, nipe siku chache..."

"Mwakani?"

Taratibu akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Nilikuwepo baba aliposema," mkewe akaendelea, na hakupaza sauti hata kidogo. "Tulikuwa watatu. Baba amekufa. Wewe umesahau. Nimebaki mimi. Nakwenda kuwaambia gari hili la nani, halafu watuambie nani kamwibia nani. Washa mita."

Akiisema habari ile polisi, gari limekwenda. Gari likienda, kibali kimekwenda. Na jina la mwizi litahamia kwake. Taratibu aliyahesabu hayo yote katika pumzi moja.

"Shuka," akasema. "Nimesema shuka. Sikupeleki."

Kivuli kikaziba dirisha. Kipenga alikuwa ameinama, filimbi ikining'inia.

"Kuna tatizo, dereva? Namsikia abiria anataja anakokwenda, na gari naliona limesimama. Au unamkataa?"

Katika kioo, macho ya mkewe hayakupepesa.

"Simkatai," Taratibu akasema.

Akawasha gari. Akawasha mita. Teksi ikatoka kituoni polepole, kama ilivyotoka siku zote, madereva wakiipisha bila neno. Mkewe alikuwa anatazama mbele, na mkono wake ulikuwa unakipapasa kile kiti, mahali ambapo baba yake alishona mwenyewe kilipochanika.

Wakafika njia panda. Kushoto, kituo cha polisi kinaonekana kwa macho, bendera na yote. Kulia, barabara ndefu ya kutoka mjini, haina nyumba, haina taa, inakwenda mpaka machimbo ya kokoto.

Taratibu akabonyeza kitufe cha mlangoni kwake. Milango ya nyuma ikajifunga, tak.

Kisha yule mtu ambaye abiria wote walimcheka kwa mwendo wake wa kobe akakanyaga mafuta mpaka chini, na usukani akaukata kulia.

"Baba watoto," mkewe akasema, akivuta kitasa ambacho hakikufunguka. "Baba watoto, polisi ni kushoto."